Sanduku la Maswali: Kupendekeza Maonyesho ya Edward Saidi Tingatinga

SWALI: Sisi ni kikundi cha wapenda sanaa watano, Dar es Salaam. Tumepeleka kwenye jumba moja la makumbusho pendekezo la maonyesho ya Edward Saidi Tingatinga, kurasa 14 za maisha yake. Tulijibiwa kwamba wazo ni zuri, kisha kimya. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu zetu, mlichopeleka ni makala. Anayepokea pendekezo anataka kujua mambo matatu: maonyesho yatasema nini, ukutani patatundikwa picha zipi, na gharama atabeba nani. Habari za maisha ya msanii zinatosha nusu ukurasa.

Anzeni na hoja, iingie katika sentensi mbili au tatu. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi jijini Dar es Salaam. Miaka yake ya kuchora ni takriban minne tu, lakini jina lake leo ni jina la mtindo mzima, na picha za mtindo huo zinauzwa kila penye watalii. Hapo mna hoja tayari: mtindo umemmeza mtu, na maonyesho haya yanamrudisha mtu. Kila picha mtakayoiomba ipimwe kwa hoja hiyo. Isiyoisaidia iachwe, hata kama inapendeza kiasi gani.

Kinachofuata ndicho kinachoamua, nacho ni orodha ya kazi. Kila picha iwe na mstari wake: jina au maelezo mafupi, mwaka, vipimo kwa sentimita, imechorwa juu ya nini na kwa rangi gani, iko kwa nani, na mwenyewe amesema nini. Hili la mwisho liandikwe kwa ukweli: “amekubali kwa barua”, “ameulizwa”, au “bado hajaulizwa”. Orodha ya picha 40 ambazo wenyewe hawajaulizwa haina uzito. Picha 12 zenye barua za wenyewe zinamfanya msimamizi afungue kalenda yake. Mjue pia kwamba kazi nyingi za Tingatinga zilinunuliwa na wageni na zikaondoka nchini, kwa hiyo mawasiliano na walioko Ulaya yaanze mapema, mwaka mmoja kabla ya ufunguzi au zaidi.

Bajeti itenge usafirishaji na makreti, bima, fremu, maandishi ya ukutani, ulinzi, na asilimia 10 ya dharura. Bima ianze picha inapotolewa kwenye msumari wa mwenyewe na iishe inaporudishwa hapohapo. Bima ya ukumbini peke yake haitoshi, kwa sababu picha nyingi huharibikia njiani. Pendekezo lote lisizidi kurasa 5, orodha ikiwa kiambatisho.

SWALI: Picha ina saini ya Tingatinga. Je, hiyo inatosha kuiandika kuwa yake?

JIBU: Haitoshi hata kidogo, na hapa ndipo maonyesho ya msanii huyu huvunjika. Jina lake lilikuwa na soko hata baada ya kifo chake, na saini huigwa kirahisi kuliko picha yenyewe. Isitoshe, alipokuwa hai alikuwa na wanafunzi waliofanya kazi karibu naye: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walitumia mbao zilezile na rangi zilezile. Kwa hiyo picha inaweza kuwa ya mwaka 1971 kweli, na bado isiwe ya mkono wake.

Ushahidi wenye nguvu ni ule wa karatasi: risiti, barua ya mnunuzi wa kwanza, picha ya kamera ya miaka hiyo inayoonyesha kazi ikiwa ukutani. Fuateni mlolongo wa wamiliki kutoka leo kurudi nyuma, na mahali unapokatika andikeni kwamba umekatika. Kisha geuzeni picha. Alichora juu ya masonite, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa rangi ya mafuta ya kung’aa, ile wachoraji wenyewe wanayoiita rangi ya baiskeli. Mgongo wa ubao una mengi: rangi ya uzee, matundu ya misumari, lebo za maduka, maandishi ya kalamu. Piga picha mbele, nyuma na kingo zote nne kabla mtu hajauweka kwenye fremu mpya. Ubao mpya wenye kingo safi unaodaiwa kuwa wa mwaka 1970 ni wa kutilia shaka, ingawa ubao mzee nao haumthibitishi mchoraji.

Tumieni lebo za aina tatu bila woga: “Edward Saidi Tingatinga”, “inahusishwa na Tingatinga”, na “mtindo wa Tingatinga”. Mwenye picha anaweza kununa akipewa lebo ya pili. Mwambieni kabla ya kusaini mkataba wa mkopo, si siku ya ufunguzi.

SWALI: Ukumbi wetu una ukuta wa mita 30. Zinaingia picha ngapi? Na joto je?

JIBU: Picha zake nyingi zina karibu sentimita 60 kwa 60. Picha 24 zikiachiana nusu mita zinachukua mita 14.4 za picha na 11.5 za nafasi, jumla karibu 26. Mita 4 zinazobaki ni za maandishi ya utangulizi na pembe. Msizidishe: rangi hizi ni kali, na zikibanana kila moja inamuua jirani yake. Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni.

Adui mkubwa ni unyevu. Masonite hunywa maji kupitia kingo, ubao unapinda, na rangi iliyokauka juu yake haipindi nao, inapasuka na kubanduka. Unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 45 na 55 ni vizuri, lakini muhimu zaidi usipande na kushuka. Kiyoyozi kinachozimwa kila jioni ni kibaya kuliko feni. Picha isigusane na ukuta wa nje, mwanga usizidi luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga), na jua lisifike kabisa.

Katika kufunga, plastiki yenye viputo isiguse uso wa picha. Kwenye joto rangi hulainika na viputo huacha alama za duara zisizotoka. Tangulizeni karatasi laini isiyo na asidi.

SWALI: Mwenye picha ameturuhusu kuichapisha kwenye katalogi. Inatosha?

JIBU: Hapana. Kumiliki picha si kumiliki hakimiliki yake. Kwa kazi za Tingatinga muda wa ulinzi wa hakimiliki huhesabiwa kuanzia mwaka aliofariki, 1972. Kwa wanafunzi wake huhesabiwa kila mmoja kivyake, na waliofariki miaka mingi baadaye bado wanalindwa. Pelekeni orodha yote COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mpate jibu la maandishi kabla ya faili kwenda kwa mchapaji, na bango la matangazo liingie kwenye ombi hilohilo.