Atlantis na "Jicho la Sahara": vipimo havikubaliani

Kwa aliyeuliza kama duara la Richat kule Mauritania, liitwalo pia "Jicho la Sahara", ndiyo Atlantis, kisiwa cha hadithi kilichozama baharini: hapana, na anayekukatalia ni Plato mwenyewe, mwanafalsafa wa Kigiriki.

Kisa kizima kinatoka kwake, katika maandishi yake *Timaeus* na *Critias*, mnamo mwaka 360 KK. Hakuna maandishi ya zamani zaidi yanayoitaja Atlantis. Plato ametoa vipimo: kisiwa cha katikati kina upana wa stadia 5 (stadia moja ni kama mita 185), kikizungukwa na pete za maji na nchi kavu kwa zamu, stadia 1, 2, 2, 3, 3. Jumlisha pande zote mbili upate stadia 27, yaani takriban kilomita 5. Richat ina kipenyo cha kilomita 40 hivi, na iko mamia ya mita juu ya usawa wa bahari. Mji uliozama, juu huko? Wanajiolojia wanaijua vizuri: ni kuba la miamba lililomomonyoka, tabaka ngumu zikabaki kama pete.

Tatizo jingine ni tarehe. Plato anasema vita vya Atlantis na Athens vilitokea miaka 9,000 kabla ya Solon (mtunga sheria wa Athens), wakati ambapo Athens yenyewe haikuwepo kama mji.

Ukitaka mji wa Kigiriki uliozama kweli, soma kuhusu Helike, ulioangamizwa na tetemeko na mawimbi mwaka 373 KK, Plato akiwa hai. Huenda alichota humo wazo la maangamizi, ingawa hajasema.