Jibu: kupasua seli moja moja bila kuchanganya vilivyomo

Ndugu, umeuliza kwa nini sabuni ya kupasulia seli isitiwe tu kwenye sampuli kabla ya kuingia kwenye chipu, yaani kibao kidogo chenye mifereji myembamba ya vimiminika. Ukifanya hivyo seli zote zitapasuka pamoja na mRNA zao (nakala za maagizo ya jeni tunazotaka kusoma) zitachanganyika. Hutajua ipi ilitoka wapi.

Tazama Drop-seq, njia ya mwaka 2015 ya kusoma mRNA za seli moja moja ndani ya vitone. Seli hupita mfereji mmoja. Sabuni, pamoja na vishanga vyenye alama za DNA (kila kishanga na yake, ili ijulikane mRNA ilitoka seli ipi), hupita mwingine. Vinakutana dakika ya mwisho kabisa, pale mafuta yanapovikata kuwa vitone vya takriban nanolita 1. Katika mifereji myembamba kiasi hicho vimiminika havivurugiki, hutiririka sambamba, kwa hiyo sabuni haiwahi kuidhuru seli kabla kitone hakijajifunga. Seli hupasukia humo ndani, na mRNA yake hunaswa na kishanga ilichokutana nacho.

Vitone vingi hubaki vitupu, maana seli lazima ziwe chache ili mbili zisiingie pamoja. Nakusihi usiziongeze! Kama hutaki sabuni iguse protini unazochunguza, mpigo mfupi wa umeme nao hutoboa utando wa seli, ila chunga viputo vya gesi kwenye elektrodi; huziba mfereji.