Bibi wa Marangu na Ndoo ya Tatu: Kwa Kijana Anayetaka Kuchagua Kati ya Dokumentari na Muvi

Wiki iliyopita nilikuwa nashuka kwenye bajaji pale soko la Mbuyuni, Moshi, trepodi begani, begi la kamera kifuani kama nimebeba mtoto, kijana mmoja akanidaka. "Shikamoo kaka. Nataka kuingia kwenye filamu. Sasa nisaidie, nishike dokumentari au nishike muvi?" Dereva alikuwa ananidai chenji, nikamjibu mbiombio: "Usichague." Akacheka, nadhani aliona nimemkwepa. Jibu refu ni hili.

Mimi nilianza na kipaimara. Mtu wa Moshi hahitaji maelezo hapo. Desemba Wachaga wanaporudi nyumbani, mwenye kamera halali: ubatizo, kipaimara, sendofu, ndoa, na misiba pia, maana msiba hauna likizo. Nilijifunza kusimama na kamera saa tano mfululizo bila kupitwa na tukio, kwa sababu ukikosa pale bibi harusi anapomlisha shangazi keki, salio la malipo yako lisahau. Baadaye nikahamia Arusha. Miaka ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa bado iko kwenye jengo la mikutano la AICC (ilifungwa 31 Desemba 2015), na wageni wenye kamera walikuwa hawakauki mjini. Nikawa fiksa: natafuta gari, nafuatilia vibali, natafsiri, nabeba betri. Halafu zikaja dokumentari fupi za mashirika, za visima, za kahawa, za wapagazi wa mlimani. Filamu za kuigiza nimefanya fupi tatu na ndefu moja. Na harusi bado nashuti, sioni aibu.

Huku kwetu sijamwona mtu anayeishi mjini kwa aina moja tu ya kazi ya kamera. Hata waliofika mbali wanachanganya. Mtazame Amil Shivji: ametengeneza T-Junction, ameshiriki kuongoza Wahenga, ambayo ni dokumentari ya wanamuziki wetu wa zamani, na mwaka 2021 Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa tamasha la Toronto. Hakuna aliyemwambia achague. Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa swali hilo. Kilichonigharimu mimi ni tabia za kazi moja nilizoingia nazo kwenye kazi nyingine bila kujijua.

Kuna mwaka nilitoka kushuti filamu fupi ya kuigiza, wiki tatu za kupiga kelele "tena! tena!", na siku nne baadaye nikapanda Marangu kwa dokumentari ya mifongo. Mifongo ni ile mifereji ambayo mababu wa Kichaga waliichimba kushusha maji kutoka vijito vya mlimani hadi kwenye vihamba, migombani na kwenye kahawa. Maji yanakwenda kwa zamu, kila ukoo au kila nyumba na siku yake, na hiyo zamu ndiyo siasa yenyewe ya kijiji.

Bibi niliyepangiwa alitoka alfajiri na ndoo yake. Akainama mfongoni, akachota, akajitwisha, akapanda njia ya migomba huku ukungu ukimfuata. Picha nzuri ajabu. Na mimi fokasi ilikuwa kwenye jani la mgomba.

"Bibi, naomba urudie."

"Nimeshachota, mjukuu wangu."

Nikabembeleza. Akanitazama, akamwaga maji taratibu kwenye shina la mgomba ili yasipotee bure, akarudi kuchota. Ya pili nikaona amepita haraka. Nikamwomba ya tatu, nikamwelekeza na pa kukanyaga. Kufika hapo alikuwa anaiangalia kamera kwa pembe ya jicho na kuweka mkono kiunoni kama mtu aliyeambiwa apendeze. Tukapumzika. Wakati tunakunywa mtori kibandani, kamera imezimwa, imelala begini, akaingia jirani kwa hasira: kuna mtu kageuza maji usiku, zamu ya jana imeibiwa. Walibishana karibu nusu saa, bibi akataja nani alichimba kipande gani na nani aliozeshwa na nani. Filamu yangu nzima ilipita mbele yangu nikiwa nimeshika kijiko.

Mwaka uliofuata nilimpelekea kazi iliyokamilika, tukaitazama kwenye kompyuta yangu. Ilipofika sehemu ya ndoo akasema: "Huyu siyo mimi. Huyu anakusaidia wewe kazi yako."

Tangu siku hiyo, nikiwa kwenye dokumentari, neno "rudia" nimelifungia. Picha ikinipita, imepita. Kesho atachota tena kwa sababu anahitaji maji, na mimi nitakuwepo, nimeamka kabla yake. Ukipangiwa siku mbili za kazi kama hiyo, piga hesabu upya na mteja wako kabla hujasaini, kwa sababu siku ya kwanza watu huwa wanaitazama kamera, siku ya pili wanaitazama kidogo, na kazi yenyewe inaanzia ya tatu. Na kamera isiingie begini wakati wa chakula. Hasa wakati wa chakula.

Sasa sikia nilivyogeuza kosa. Kwenye filamu yangu ndefu, hadithi ya mama ambaye mwanawe ni mwanaapolo, mchimba tanzanite kule Mererani, tulikodi nyumba mtaa wa Pasua, hapa Moshi. Kulikuwa na tukio la mama kusoma ujumbe wa simu kuhusu mwanawe, dirishani, kwenye mwanga wa saa kumi. Mimi kichwani bado niko Marangu, nangoja ukweli uje wenyewe. Nikamwambia mwigizaji, dada mwenye uzoefu kunizidi, "wewe kuwa tu, mimi nipo." Akawa. Dakika kumi, ishirini, kruu nzima kimya, mtu wa maiki mkono unatetemeka. Mwishoni akanigeukia: "Kaka, mimi sisomi mawazo. Niangalie wapi? Nilie kabla sijasoma au baada? Simu naishika mkono upi?" Sikuwa na jibu, maana nilikuwa sijafikiria. Tulipokuja kukubaliana jua lilikuwa limeshuka, na kwetu huku jua likishazama hakuna machweo marefu ya kukusubiri.

Tukalipa siku nyingine: chakula cha watu kumi na wanne, gari, na mama mwenye nyumba aliyetaka sebule yake kwa kikao cha vikoba. Na siku ya pili mwigizaji akaja na kanga nyingine, hakuna aliyeona. Tuliiona siku ya maonyesho, mama mmoja safu ya tatu alipopaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Jamani, kanga imebadilika jina!" Mtazamaji wa Kiswahili atakusamehe taa mbaya, lakini kanga ataisoma. Sasa nina binti kwenye kruu ambaye kila tukio likiisha anapiga picha kwa simu: nguo, nywele, kikombe kipo upande gani, kanga inasema nini. Analipwa sawa na mshika maiki na sibishani naye.

Mambo madogo ya kiufundi nitayapitisha haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo ukishuti ndani chini ya taa za tyubu weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, la sivyo picha itapepesa na hutaitibu kwenye kuediti. Mlimani baridi inakula betri. Pale kambi ya Horombo, njia ya Kilimanjaro, mita 3,720, lala nazo ndani ya slipingibegi kama vifaranga. Ukitoka nje kwenye baridi kuingia kwenye joto, acha kamera imefungwa begini kwanza, lenzi isije ikafanya umande. Na sauti, jamani. Watu wa mashirika watavumilia picha ya kawaida, ila maneno ya mzee yakimezwa na upepo hamna kitu.

Vibali usivifanyie ujanja. Kazi zetu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na ukiingia hifadhini kuna kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, juu yake. Lakini kibali kinachofungua milango kweli ni kusalimia ofisi ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti kabla hujatoa kamera garini. Nimewahi kukaa nusu siku chini ya mwembe na karatasi zote za Dar mkononi kwa sababu mwenyekiti alisikia habari zangu kwa watoto.

Suala la kuwalipa watu linanisumbua hadi leo. Mwigizaji ana mkataba, hapo hakuna mjadala. Mtu wa dokumentari simlipi maneno yake, maana akishalipwa ataanza kunitafutia maneno ninayoyataka. Ila bibi aliyeacha shamba siku nne kwa ajili yangu, siwezi kuondoka nikamwachia ahsante. Mimi napeleka sukari, sabuni na mafuta siku ya mwisho, kamera ikiwa imefungwa, na nafidia siku zake za kazi. Wenzangu wengine wanaona hiyo ni hongo. Sawa, waone.

Upande wangu wa malipo, nusu natanguliziwa. Nilijifunza baada ya mteja mmoja kunizungusha miezi minane kwa kazi ambayo tayari ilikuwa ukutani kwake inachezwa. Miezi hiyo nililishwa na kipaimara na sendofu.

Kijana wa Mbuyuni nimempata kwa simu. Jumamosi anakuja kunishikia maiki kwenye kipaimara Kibosho. Nimemwambia saa moja na nusu awe kanisani, maana askofu harudii.