Malaria hakuna, vidonda hakuna, na bado mwili hauamki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga. Nina miaka 31 na watoto wawili, mdogo ana miezi minane. Tangu alipofikisha miezi mitatu sijielewi. Nashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi, mwili mzito, kichwa kinagonga, chakula sikitaki. Vitambaa vya wateja vimelala mwezi mzima, vingine nimeshavikata. Nimepima malaria mara tatu, hakuna. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, sikuona nafuu. Mume wangu anasema nimekuwa mvivu, mama mkwe anasema ni pepo, nikapungwe. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke. Nina nini?*
*Mama wawili, Makorora*

Marahaba mwanangu. Naanzia mwisho wa barua yako, maana ndipo penye uzito. Kutamani kulala usiamke huwapata wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kulisema hilo si aibu. Ila jiulize kwa ukweli: ni kutamani tu, au umeshaanza kuwaza namna na lini? Ukiwa umefika kwenye namna na lini, au ukipitiwa na wazo la kumdhuru mtoto, acha kusoma. Leo hii nenda na mtu mzima unayemwamini hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, upande wa dharura, mseme waziwazi. Usikae peke yako kabla ya kufika, na dawa zote za nyumbani ashike mtu mwingine. Kama ni kutamani tu, jipange uende wiki hii hii. Usingoje mwezi uishe.

Barua haipimi mtu, lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na sonona inayokuja baada ya kujifungua. Haiji wiki ya kwanza tu, kama wengi wanavyodhani. Inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye, wakati wageni wa uzazi wameshaacha kuja na kila mtu anaamini umepona.

Kwa nini hawakuiona? Kwa sababu ulipeleka kichwa, tumbo na uchovu. Mhudumu mwenye foleni mlangoni akisikia hayo anapima malaria, na hajakosea. Huenda hakuna aliyekuuliza kama bado unafurahia kitu, nawe hukusema. Safari hii usitegemee kuulizwa.

Chukua daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa mpya, uandike mambo tisa. Kukosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Huzuni au kukata tamaa. Usingizi, uwe unakosekana au umezidi. Uchovu. Kula, kidogo mno au kupita kiasi. Kujiona hufai au umeiangusha familia. Akili kushindwa kukaa kwenye jambo moja. Mwendo na maneno kuwa ya polepole hadi watu wanaona, au kinyume chake, kutotulia. La tisa ni mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwa kila moja fikiria wiki mbili zilizopita: 0 kama halikuwepo, 1 kama lilikuwepo siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kama ni karibu kila siku. Jumlisha. Kipimo hiki madaktari wanakitumia duniani kote, na jumla yake ya juu ni 27. Kuanzia 10 ni jambo la kuonana na mtaalamu, 15 kwenda juu usicheleweshe, 20 ni kali. Na hilo la tisa likipata hata 1, linazungumzwa na mhudumu hata kama jumla ni ndogo. Alama hizi ni sawa na futi kamba yako: zinakuonyesha ukubwa, hazikwambii kitambaa kimeharibikia wapi. Hilo ni la daktari.

Pa kuanzia panaweza kuwa hapo hapo unapompeleka mtoto kliniki ya uzito na chanjo. Mwambie nesi, kabla mtoto hajapandishwa mizani: "Nimepima malaria mara tatu hakuna. Kwa miezi mitano sina raha na kitu chochote, silali kuanzia saa tisa, sijashona kwa mwezi. Naomba rufaa ya afya ya akili." Ukishindwa kutamka, mpe daftari asome. Pale Bombo ulizia mapokezi siku za kliniki ya afya ya akili, na beba kadi ya bima kama unayo pamoja na karatasi ya rufaa, maana bima nyingi zinaidai.

Muombe daktari akupime wingi wa damu na tezi ya shingo, yaani thairoidi. Mwaka wa kwanza baada ya uzazi tezi hiyo huweza kuyumba, na upungufu wa damu nao huleta uchovu unaofanana na wako. Mwambie pia kama unanyonyesha, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na kama umewahi kuwa na kipindi cha siku nyingi ukiwa na nguvu kupita kiasi, hulali na huchoki, unaongea na kutumia pesa ovyo. Usiliache hilo la mwisho. Mwenye historia hiyo akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kurudi kwenye hali hiyo ya nguvu kupita kiasi, kwa hiyo daktari akijua atachagua matibabu mengine.

Tiba ya mazungumzo huchukua kama saa moja kila kikao, mara nyingi kikao kimoja kwa wiki, na kwa kawaida vikao ni kati ya 8 na 16. Kikao cha kwanza ni maswali tu, na wengi hutoka wamechoka zaidi kuliko walivyoingia, wakadhani haifai. Nenda angalau mara tatu kabla ya kuhukumu. Mnasihi mzuri hakuhubirii uwe na shukrani. Anakupa kazi ya nyumbani.

Kazi mojawapo unaweza kuianza kesho. Sonona inakuambia usubiri hamu irudi ndipo ushone. Hamu haiji, vitambaa vinaongezeka, unajiona hufai, unazidi kulala. Njia ya kutokea ni kutenda kidogo kabla ya hamu. Usiandike "kumaliza gauni". Andika "saa nne asubuhi, kuunga bega moja", kisha uzime cherehani hata kama unaweza kuendelea. Pembeni weka alama kutoka 0 hadi 10 ya raha uliyoipata. Ukipata 1, ni sawa. Wenye vitambaa vya harusi mumeo awapigie leo warudishiwe, waende kwa fundi mwingine. Utapoteza wateja wawili na utapata usingizi.

Ukiandikiwa dawa, huenda ikawa fluoksetini au amitriptilini. Ya kwanza humezwa asubuhi na siku za mwanzo huleta kichefuchefu. Ya pili humezwa usiku maana inalaza, inakausha mdomo, na ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu. Usumbufu huja wiki ya kwanza, faida huanza wiki ya pili hadi ya nne. Hapo ndipo wengi hutupa vidonge. Wengine huacha wakishapona, ilhali kawaida ni kuendelea miezi 6 au zaidi baada ya kupona, na kushuka taratibu kwa maelekezo. Na usinunue diazepamu duka la dawa ili ulale: inazoeleka upesi, na sonona inabaki palepale.

Mama mkwe usigombane naye. Kisomo hakizuii kliniki, na wako wanaopata utulivu kwacho. Nitakachokataa ni kukeshwa kwenye ngoma, kufungishwa kula au kuambiwa uache vidonge. Kukosa usingizi kunaizidisha sonona moja kwa moja. Mumeo mpeleke kikao cha pili. Neno la daktari kuhusu uvivu atalisikia vizuri kuliko langu, na apewe kazi: mtoto akiamka saa tisa, kama ana chakula kingine cha kupewa, aamke yeye angalau usiku tatu kwa wiki.

Rudia maswali yale tisa kila baada ya wiki mbili, tarehe juu ya ukurasa. Kama kufikia wiki ya sita ya tiba jumla haijashuka hata nusu, rudi na daftari, uulize kama dozi ipandishwe au tiba ibadilishwe, na usitoke chumbani kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi.