Mkuu, usilipie tangazo hata moja kabla hujajua wangapi wanabaki siku ya 30

Simama hapo hapo, mkuu. Usisaini. Nimesoma uzi wako mara mbili, na kile kipande ulichokipitia haraka ndicho kilichonikosesha usingizi: kwamba mtaji ukiingia mwezi ujao, theluthi mbili zinakwenda kwenye matangazo ili mfikishe watu 500,000 waliopakua programu yenu ya kujifunza lugha kabla ya kurudi kwa wawekezaji. Hayo mengine uliyouliza, lugha zipi zifuate, walimu wa kurekodi sauti, kutoza kwa mwezi au kwa mwaka, yatasubiri. Hili la matangazo kwanza, maana nimelifanya mimi kwa mikono yangu na liliiua kampuni yangu.

Tulikuwa watu 6. Programu ya kujifunza lugha kwa simu, masomo ya dakika kumi kumi. Watu elfu chache walikuwa wametujia wenyewe, mmoja akimwambia mwenzake, na wengi wao waliingia kila siku kama mtu anavyopiga mswaki. Tukapata mtaji. Pamoja na mtaji akaja mshauri wa ukuaji aliyependekezwa na mmoja wa wawekezaji, kompyuta imejaa michoro ya mistari inayopanda. Neno lake lilikuwa moja: jazeni nyumba kwanza, mtarekebisha vitanda watu wakiwa ndani. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Miezi minne tulinunua watu. Kila Jumatatu nilikuwa naandika ubaoni idadi ya waliopakua, na kila Jumatatu idadi ilikuwa kubwa kuliko ya wiki iliyopita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: wale wa wiki iliyopita wako wapi? Mwezi wa tano kadi ya malipo ikakwama na matangazo yakazimika kwa wiki mbili. Idadi ya wanaofungua programu kwa siku ikashuka, ikashuka, ikaja kutua karibu pale pale ilipokuwa kabla hatujatoa hata senti. Wale elfu chache wa mwanzo. Basi.

Usiku ule ndipo nilipotengeneza jedwali ambalo nilipaswa kulitengeneza siku ya kwanza. Mistari ni wiki ambayo mtu alijiunga. Safu ni siku ya 1, ya 7 na ya 30 tangu ajiunge. Unahesabu tu nani amerudi. Kati ya kila watu 100 tuliowanunua kwa matangazo, siku ya 7 walibaki 9. Siku ya 30 walibaki 2. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea fomula.

Sasa sikiliza hili, na ukamuulize yeyote anayekushauri kutangaza, kabla ya kusaini chochote: analipwaje? Wa kwetu alilipwa asilimia ya fedha za matangazo tulizotumia. Lisome tena hilo. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Yeye ndiye alikuwa mchukuzi, mzigo ulikuwa wangu. Nilipompelekea jedwali alijibu kwamba kila programu hupoteza watu, akashauri tuongeze bajeti. Sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe.

Lakini kosa halikuwa la matangazo peke yake. Tulikuwa tunalipia watu kuja kugonga mlango uliofungwa, na mlango wenyewe niliuona kwa bahati. Nilikuwa kwenye treni na mdogo wangu, akafungua programu yetu mwenyewe, sikumwambia. Somo la kwanza, la pili, la tatu, anatabasamu. La nne likamletea maikrofoni kubwa katikati ya skrini: sema sentensi hii. Akamtazama abiria wa kushoto, akamtazama wa kulia. Kidole gumba kikashuka chini ya skrini kutafuta pa kuruka, kikapanda juu, kikarudi chini. Hapakuwa na pa kuruka. Baada ya sekunde chache simu ikatoa ile sauti yetu ya kosa, ikamwandikia "Jaribu tena", ikampunguzia pointi. Akaizima, akaitia mfukoni, akasema, "Nitaendelea nyumbani." Hakuendelea.

Nilirudi ofisini nikachimba data: sehemu kubwa ya waliotukimbia walikuwa wamekwama pale pale, somo la 4. Maelfu ya watu, wako kwenye basi, wako kazini, mtoto amelala pembeni, na sisi tunawaambia wapaze sauti au wakose pointi. Mwenzetu aliandika kitufe cha "Siwezi kuongea sasa" kwa alasiri moja. Alasiri moja, mkuu! Siku ya 7 ikapanda kutoka 9 hadi 17 kwa kila 100. Kwa wakati huo fedha zilikuwa zimekwisha, na wiki iliyofuata niliwaaga wenzangu 4 kati yetu 6, akiwemo huyo aliyeandika kitufe.

Umeandika kwamba Rosetta Stone, ile kampuni iliyouza masomo ya lugha ndani ya maboksi, ilikua kwa matangazo. Ni kweli ilitangaza sana, na yale maboksi ya njano yaliuzwa mpaka kwenye vibanda vya viwanja vya ndege. Lakini angalia fedha ilikuwa inaingia lini. Mnunuzi alilipa mamia ya dola siku anayobeba boksi. Akilifungua au likae kabatini miaka mitatu, kampuni imeshapata chake. Kwa biashara ya namna hiyo iliingia soko la hisa mwaka 2009. Wewe unatoa masomo bure na unategemea mtu alipie mwezi wa tatu. Mtu asiyefika siku ya 7 atalipiaje mwezi wa tatu? Hizo ni biashara mbili tofauti kabisa, usichukue dawa ya moja ukamnywesha mwenzake.

Inayofanana na yako ni Duolingo, programu ya kujifunza lugha bure kwa simu, nayo nenda kasome ilivyokua. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012, na mwanzoni walitaka kupata fedha kwa kuuza tafsiri zilizofanywa na wanafunzi. Wakaachana na hilo. Ukuaji ulipopungua kasi, Jorge Mazal, aliyekuwa akiongoza upande wa bidhaa, ameeleza hadharani walichofanya. Walijaribu mpango, walioiga kwa Uber, wa watumiaji kualika marafiki, watumiaji wapya wakaongezeka asilimia 3 tu. Ndipo wakakaa chini wakapiga hesabu: ni namba ipi ukiisukuma kidogo inavuta idadi ya watu wa kila siku kuliko zote? Jibu halikuwa watu wapya. Ilikuwa ni uwezekano wa mtu ambaye tayari anajifunza siku hizi kurudi na leo, na nguvu yake ilikuwa mara 5 ya namba iliyoifuata. Wakaelekeza nguvu huko: ligi za wanafunzi kushindana kwa pointi, hesabu ya siku ulizojifunza mfululizo, ujumbe wa kukumbusha. Walipoingia soko la hisa mwaka 2021 walikuwa na karibu watu milioni 10 kwa siku. Mwisho wa 2024 walipita milioni 40, na waliolipia walikuwa milioni 9 na nusu. Unaona uwiano? Hata wao wengi hawalipi. Anayelipa hutoka katika wale waliozoea kurudi, hatoki kwenye tangazo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua watu 100 wa mwisho waliokuja wenyewe, bila tangazo, na uwafuatilie siku 30. Kaa pembeni ya 5 kati yao wakiwa wanatumia, mahali wanapotumia kweli, na ufunge mdomo. Tazama kidole gumba kinatafuta nini. Rekebisha somo moja wanalolikimbia, kisha chukua 100 wengine. Mimi nisingenunua mtu hata mmoja mpaka 15 kati ya 100 wawepo siku ya 30, na nikianza ningeanza na kiasi kidogo ambacho kikipotea chote mshahara wa mtu hauguswi. Mwekezaji akikazania idadi ya waliopakua, mbadilishie sharti kwenye mkataba liwe waliobaki. Akikataa, ujue anataka mchoro wa kumwonyesha mtu mwingine.

Una hiyo data tayari, umesema mna wanafunzi tangu mwaka jana. Itoe leo, tupia hapa uzini siku ya 1, ya 7 na ya 30 kwa wiki nane za mwisho, ficha majina. Nipo macho.