Kichwa kinachouma upande mmoja kila wiki, usiishie kwenye Panadol

Pole sana dada yangu uliyeandika kuomba ushauri wa kichwa. Kichwa kinagonga upande mmoja, unatapika, mwanga wa simu tu unakuumiza, halafu zahanati kila ukienda wanapima malaria wanakupa Diclopa ya kutuliza maumivu unarudi home, hiyo inafanana sana na kipandauso (migraine) na ina matibabu, usikubali kuambiwa ni stresi tu. Kinachonitisha ni hizo dawa za maumivu unazosema unameza karibu kila siku, zikishafika siku 10 mpaka 15 kwa mwezi zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu, mwambie daktari ukweli wote. Chukua daftari andika tarehe, kimeanza saa ngapi, ulilalaje, kama upo kwenye siku zako, umemeza nini, nenda nalo hospitali ya mkoa uombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kwa Dar wapo Muhimbili. Ulizia dawa za kuzuia kama propranololi au amitriptilini, hizo unakunywa kila siku hata kichwa kikiwa kimetulia na zinachukua wiki kadhaa mpaka uone mabadiliko, na kama una pumu sema mapema maana propranololi haikufai. Ila kikikupiga ghafla na kwa nguvu kuliko siku zote, au mkono unakosa nguvu, ulimi mzito, shingo imekaza na homa juu, usisubiri kliniki, wakupeleke emajensi saa hiyohiyo.