Rais akistaafu, taasisi ya nini?

SWALI: Shikamoo Babu. Nauza zabibu Soko la Majengo, hapa Dodoma. Juzi wateja wangu wawili walibishana: mmoja kasema taasisi ya rais mstaafu ni ofisi ya serikali, mwingine kasema ni chama cha siasa kilichojificha. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Wote wamekosa, ingawa wa pili angalau kajikuna kichwa. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985, na Taasisi ya Mwalimu Nyerere akaianzisha 1996. Ni shirika lisilo la kiserikali: halina polisi wala halikusanyi kodi. Mtaji wake ulikuwa jina la Mwalimu, na watu wa kukaa nao mezani. Warundi walipokuwa wakiuana, ndiyo iliyobeba usuluhishi kule Arusha. Mwalimu akafariki Oktoba 14, 1999, kazi haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, mkataba ukasainiwa Agosti 2000.

Ya Mkapa, ya 2006, ni ya afya zaidi: kupeleka wahudumu vijijini. Sisi wa Kongwa tunajua thamani ya hilo.

Nyingi huendeshwa kwa fedha za wafadhili, kwa hiyo mimi kabla ya kusoma ushauri wao huuliza nani kalipa. Halafu, zile zabibu nyeusi bado zipo?